Kopo la Beji za Kaname

Benchi la Bi Hatsue lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa matofali. Limekaa mbele ya duka lake la sigara, kona ya barabara iendayo uwanja wa mazoezi, tangu enzi ambazo klabu ya Yukinose ilikuwa haijapanda daraja lolote. Kulia kwake ipo mashine ya kahawa ya kopo, kushoto ipo mashine ya beji. Hiyo ya beji ni ya klabu: unatumbukiza sarafu, unazungusha mkono, linadondoka yai la plastiki lenye beji ya mchezaji mmoja ndani. Huchagui, unapewa uliyepewa. Wenye benchi ni wazee watatu, na majina waliyopewa na wazazi wao hayatumiki tena hapo. Yupo Mchambuzi, kinyozi mstaafu, aliyezungumza na visogo vya watu miaka arobaini mpaka akazoea kutobishiwa. Yupo Tangi, aliyetumikia kiwanda cha sake, pombe ya mchele, na kutoka nacho tumboni. Na yupo Refa, mpeleka barua mstaafu, mgane, ambaye kazi yake ni kuwaamua hao wawili. Ijumaa hiyo ya mwisho wa Novemba, baridi ikiwa imeyafanya meupe matuta ya vitunguu ng'ambo ya barabara, Refa alikuja kijiweni na siri aliyoapa kutoitoa.

Hajakaa sawasawa, binti wa duka la mikate akasimamisha baiskeli, akazungusha mashine ya beji, akafungua yai, akashusha pumzi.

— Kaname tena!

Akaitupa beji kwenye kopo la bati lililokuwa mwisho wa benchi, akaenda zake. Kopo hilo zamani lilikuwa la biskuti za mchele. Siku hizi Bi Hatsue amelibandika karatasi iliyoandikwa "Chukua bure", na hajatokea mtu wa kuchukua. Limejaa Kaname Urakawa mtupu: beki wa kushoto, jezi thelathini na tatu, kafunga mdomo, anakutazama kama anapigwa picha ya kitambulisho.

— Huyu kijana atatuzika kwa beji, alisema Mchambuzi.

— Kwani anazitupa yeye? alisema Refa.

— Nani kasema anazitupa? Nasema hapendwi. Hebu nitafutie beji moja ya Asahina humo. Moja tu! Huipati, bwana. Asahina akidondoka, mabinti wanaruka, wanamchoma kwenye mkoba. Yupo mmoja mkoba wake una Asahina mbele, nyuma, ubavuni, akitembea unalia kama njuga. Kaname akidondoka, kopo.

— Asahina ana sura, alisema Tangi. Na zile nywele!

— Zile nywele ni rangi. Mimi kinyozi, hunidanganyi. Ila swali langu la kitaalamu ni hili. Walisajiliwa siku moja. Umri mmoja. Asahina msimu huu kacheza mechi za kuokoteza, benchi analijua kuliko sisi. Kaname kacheza karibu zote. Sasa inakuwaje mkaa benchi ndiye anayeuza taulo zenye jina lake, na anayekimbia mpaka anataka kutapika ndiye anayejaza kopo la Bi Hatsue?

Refa aliinamia kahawa yake. Swali hilohilo aliulizwa jana wakati wa chakula cha jioni, na aliyemuuliza hakuwa anatania.

Kaname anaishi kwake. Mwaka aliofika, bweni la klabu lilikuwa limejaa, klabu ikatafuta wenye vyumba, na Refa, aliyekuwa amemzika mkewe miezi michache nyuma, akasema ghorofa yake ya juu haina mtu. Tangu hapo ni watu wa sufuria moja. Jana sufuria ilikuwa ya oden, mchemsho wa mayai na figili zilizoiva mpaka zinakatika zenyewe kwenye vijiti, na kijana hakugusa kitu. Alisema klabu haitamwongezea mkataba. Alisema majina ya wanaoondoka yatatangazwa Ijumaa saa sita mchana, na Jumapili, baada ya mechi ya mwisho ya nyumbani, kila anayeondoka atapewa maua na kipaza sauti awaage watu. Yeye amewaomba wasimtaje. Wamtangaze baadaye, msimu ukishafungwa, kimyakimya, naye atajiendea zake kwenye majaribio ya waliotemwa kama wengine. Meneja alikubali, ila alimwambia akibadili mawazo apige simu kabla ya saa sita.

— Kwa nini usiage, mwanangu? Refa alimuuliza.

— Asahina naye anaondoka, mzee. Amechukuliwa daraja la kwanza. Tutasimama pamoja pale katikati. Yeye watamlilia. Mimi watanipigia yale makofi ya adabu.

— Makofi ni makofi.

— Si kweli, mzee, na wewe unajua. Mama anakuja kutoka Kagoshima, kusini kabisa. Hajawahi kuniona nikicheza huku. Sitaki ayasikie makofi yale.

Refa alishika vijiti vyake. Alichukua yai kwenye sufuria akamwekea bakulini. Usiku mzima yai lile lilimkaa yeye rohoni, maana aliona kabisa kwamba alikuwa amemjibu mtu kwa yai.

Na sasa kijiwe kimechangamka, nacho kinamjadili mtoto wake. Kusema hawezi. Habari ya klabu kabla ya tangazo haisemwi, na aliyempa siri hiyo ni mtu asiyezoea kuomba kitu.

— Mimi sababu ninayo, alisema Tangi. Damu.

— Damu gani tena?

— Kundi la damu. Limeandikwa kwenye kitabu cha wachezaji, nenda kasome. Kaname ni A. Mtu wa A kazi yake kupanga viatu mlangoni na kuomba radhi. Nani anampenda mpanga viatu? Asahina ni B. Hao wanavunja vyombo lakini wanapendwa. Mimi mwenyewe ni B.

— Na wewe unapendwa na nani? aliuliza Bi Hatsue kutoka dirishani.

— Swali hilo liko nje ya mada.

— Damu si hoja, alisema Mchambuzi, akajivuta mbele ya benchi kama alivyozoea akishika hoja yake. Hoja ni jua.

— Jua?

— Jua! Sikilizeni niwape elimu. Mechi inaanza saa nane. Kipindi cha kwanza beki wa kushoto anakuwa upande wa mbali, na sisi wa jukwaa kuu jua linatupiga machoni. Tunaona nini? Hatuoni kitu, tunaona machozi. Kipindi cha pili anahamia upande wetu, chini kabisa, paa linamfunika kivuli. Miaka mitatu huyu mtu ama yuko ndani ya jua ama yuko ndani ya kivuli. Si kwamba hapendwi, jamani. Hajaonekana bado!

Tangi alifikiri mpaka kope zikacheza.

— Lakini jua likiwa mbele yetu, kivuli cha paa kitaangukaje mbele yetu hukohuko?

— Ndiyo maana mimi naitwa Mchambuzi, wewe unaitwa Tangi.

— Nimeuliza tu.

— Halafu chakula. Kitabu kinauliza, chakula unachokipenda? Asahina kaandika aiskrimu ya chai ya kijani. Binti akisoma, anasema, lo, na mimi naipenda! Kaname kaandika nini? Wali mweupe. Wali mweupe, jamani! Si mchuzi, si samaki. Huyo mtu anataka kupendwa kweli?

— Wali una ubaya gani? Refa alijikuta amepaza sauti. Wali anaoula anaupika mwenyewe, na anaosha sufuria. Ana haki ya kuupenda wali!

Wenzake walimtazama.

— Leo umeamkaje, mzee mwenzangu? aliuliza Mchambuzi. Sisi tunachambua soka, wewe unafoka kama mama mkwe. Au kwa sababu umempangisha?

— Nimelala vibaya.

— Kama umelala vibaya, usituamkie vibaya.

Tangi, anayechukia ugomvi kabla ya chakula cha mchana, alijitosa katikati.

— Mimi nitawaambia siri yote ilipo. Ni yule ndege.

— Ndege gani?

— Kware wa klabu. Yule mkubwa wa manyoya anayezunguka uwanjani na watoto. Mnakumbuka msimu wa kwanza? Kaname anaukimbilia mpira, kasi haishikiki, kamvaa ndege, ndege chali! Mbele ya watoto wa chekechea. Watoto walilia siku ile, jamani. Watoto wale sasa wako shule ya msingi, wana sarafu zao mfukoni. Ndio wateja wa beji. Mmepata picha?

— Watoto hawakumbuki, alisema Bi Hatsue.

— Watoto hawakumbuki, ndege anakumbuka. Mtazameni kabla ya mechi. Wachezaji wote anawapa bawa la kulia. Kaname anampa la kushoto. Kinyongo hicho.

— Ndani ya ndege kuna mtu, Tangi.

— Basi huyo mtu ndiye mwenye kinyongo!

Hata Refa alicheka, ingawa hakutaka. Mchambuzi, kwa kuona ameibiwa uwanja, alilitwaa kopo la bati akalitikisa ili wamsikilize. Kaname wote wakagongana humo ndani.

— Msinielewe vibaya, alisema. Mimi huyu kijana simsemi kwa ubaya. Kila siku akirudi mazoezini, wenzake wanapita na vitu masikioni, yeye anashuka kwenye baiskeli. Anashuka kabisa! Anainama, "Shikamooni wazee." Nani siku hizi anamshukia mtu baiskeli? Na soka analijua. Ile mechi ya mvua, na wale wa bandarini, si aliutoa mpira mstarini kwa kifua? Mimi nilikuwepo.

— Ulipiga kelele? aliuliza Refa.

— Kelele za nini?

— Alipouokoa mpira. Ulimwita jina?

— Nilipiga makofi.

— Makofi gani?

— Makofi, bwana. Ya kawaida. Kwani yako mangapi?

Refa aliweka kahawa yake chini. Aliwatazama wenzake mmoja mmoja: koti la Mchambuzi lenye vifungo vilivyofungwa mpaka shingoni, mikono ya Tangi iliyolala juu ya tumbo. Walimpenda kijana yule. Yeye angeapa mahali popote kwamba wanampenda. Lakini kwa miaka mitatu kijana alikuwa anawashukia baiskeli, na wao walikuwa wanamnyanyulia kopo la kahawa wakiwa wamekaa, kwa sababu ya magoti, kwa sababu ya baridi, kwa sababu ya mazoea.

— Jumapili tukapige kelele, alisema. Sote. Tumwite kwa jina lake.

— Jumapili kuna nini?

— Mechi ya mwisho.

— Mechi ya mwisho ipo kila mwaka. Mwaka jana hukutuambia tupige kelele.

— Mwaka huu nakuambieni.

— Kwa nini lakini?

Mchambuzi alikuwa bado anamkazia macho, kopo la bati mikononi, pale mwanamke mmoja aliposimama mbele yao.

Alikuwa mfupi, koti jembamba lisilofaa kwa baridi ile, mkono mmoja kakamata begi la nguo na mwingine boksi la viazi vitamu lililofungwa kwa kamba. Aliinama mara mbili, akainama tena kwa Bi Hatsue alipomwona dirishani.

— Samahanini sana, wazee wangu. Uwanja wa mazoezi wa Yukinose ni barabara hii?

Lafudhi yake ilikuwa ya kusini kabisa, na Refa aliijua kabla sentensi haijaisha. Kila siku lafudhi hiyo ilikuwa inamwambia asante kwa chakula.

— Hii hii, mama, alisema Tangi. Nyoosha tu. Ila wameshamaliza, utakutana nao wanarudi. Unamtafuta nani?

Mwanamke alisogea karibu. Alikuwa anatazama ndani ya kopo.

— Huyu si Kaname?

Aliinama juu ya kopo, akachungulia zaidi.

— Huyu ni mwanangu.

Mchambuzi aliganda na kopo lake. Tangi alitazama kahawa yake kana kwamba imemwita. Mlango wa duka ukafunguliwa na Bi Hatsue akatoka kwa kasi ambayo hajatoka nayo miaka, akapitisha mkono ubavuni mwa kopo kama anayefuta vumbi, na ile karatasi ya "Chukua bure" ikaingia kwenye mfuko wa aproni. Refa aliona. Mama yule hakuona, alikuwa ameweka mizigo chini na anachota beji kiganjani.

— Huyu Kaname. Na huyu. Na hawa... Jamani, wote ni yeye!

— Ni yeye, mama, alisema Refa. Sauti yake aliisikia kama ya mtu mwingine.

— Kwetu kuna binti wa jirani, ana mkoba kaujaza mwimbaji wake mmoja. Nilimuuliza, unapataje wote wa mtu mmoja na mashine haikuchagulii? Akasema, mama, mpaka umpende kupita kiasi. Unazungusha na kuzungusha, ukipata wengine unawabadilisha na wenzako, mpaka umpate yeye. Macho yake yalijaa machozi, akaendelea bila kuyafuta. Na mwanangu kwenye simu kila siku ananiambia, mama, huku sijulikani sana. Nikawa silali. Nimekuja siku mbili kabla ya mechi bila kumwambia, nilitaka nione kwa macho yangu anaishije. Kumbe! Nani kati yenu aliyemkusanya hivi?

Mashine ya kahawa ilinguruma peke yake. Refa alijua kwamba neno hilo ni la kwake kulisema, kijana ni wa nyumbani kwake, naye alikuwa anavuta pumzi alitamke.

— Mimi, mama, alisema Mchambuzi.

Alilisema akiwa anatazama kopo. Halafu akanyanyua kichwa, akalisema tena vizuri.

— Ni mimi. Mimi ni kinyozi, nina muda.

— Na mimi, alisema Tangi haraka. Hizo za chini ni zangu.

— Kopo ni langu, alisema Bi Hatsue.

— Mwanao ni beki, mama, Mchambuzi aliendelea, na sasa hakuna wa kumzuia. Beki si wa kila mtu. Beki anataka watu wanaoujua mpira. Kuna siku ya mvua, na timu ya bandarini, aliutoa mpira mstarini kwa kifua hiki. Nilipiga kelele siku ile! Nilimwita mpaka sauti ikanikauka, siku mbili nakunywa asali. Muulize huyu.

— Alipiga, alisema Refa. Nilimsikia.

Mama Kaname aliwainamia wote, chini kabisa, beji zikiwa bado kiganjani. Alipoinuka alikuwa anatabasamu, akawatazama makoti yao, kutoka koti hadi koti, kwa udadisi wa kawaida kabisa wa mama mtu.

— Sasa mbona hamjavaa hata moja?

Mchambuzi, aliyeeleza kushindwa kwa timu tatu za taifa na ndoa za wateja wake wote, alifungua mdomo na haukutoka upepo. Tangi alimtazama Refa. Refa alimtazama Bi Hatsue. Mwisho Bi Hatsue alitia mkono kwenye kopo, akatoa beji, akaichoma kwenye aproni yake kwa hasira, kama mtu aliyechelewa kufanya jambo lake. Ikawa kila mkono umo koponi. Mchambuzi alijichoma moja kifuani, akaona haitoshi, akaongeza mbili. Tangi alihangaika na pini, na mama Kaname mwenyewe akamsaidia, akamwekea juu ya tumbo, mahali palipokuwa na nafasi. Refa alichoma yake upande wa moyo.

Baiskeli zilianza kupita. Asahina alipita na vitu vyake masikioni, akanyanyua mkono kwa heshima yake nzuri. Wakapita wengine wawili. Halafu akaja Kaname, nyuma ya wote, na kama kila siku akashuka kabla hajafika benchi, akainama.

— Shikamooni wazee wangu.

Aliponyanyua kichwa, aliiona sura yake kifuani mwa Mchambuzi mara tatu. Akaiona tumboni kwa Tangi, kwenye aproni ya Bi Hatsue, kwenye koti la Refa. Na katikati yao akamwona mama yake.

— Mama?

— Mwongo wewe! alisema mama yake, akimpiga begani na kulia palepale. Eti hujulikani! Wazee wa watu wanakukusanya kwa miaka, wanakauka sauti kwa ajili yako, na wewe unaniambia hujulikani!

Kaname alilitazama kopo. Kopo lile analijua vizuri. Mwaka jana alimwambia Refa, huku akimenya tunda la kaki, kwamba pale dukani kwa Bi Hatsue yupo kwa wingi kuliko mchezaji yeyote Japani, akacheka, na Refa akacheka naye kwa sababu hakujua la kufanya. Sasa lilikuwa limepungua kidogo, na ubavuni, pale ilipokuwapo karatasi, pamebaki alama nne za gundi. Aliziangalia alama zile. Halafu akamwangalia Mchambuzi.

Mchambuzi alikuwa anatazama vitunguu.

Kijana hakuwa mjinga. Refa aliona uso wake ukielewa, hatua kwa hatua, kwamba hawa watu hawakuwahi kumkusanya, kwamba wamemdanganyia mama yake mchana kweupe, na kwamba hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Mdomo ule uliofungwa kwenye beji zote ulianza kumchezacheza.

Refa akasimama. Hakupanga, alijikuta amesimama. Mchambuzi naye akajishika goti akanyanyuka. Tangi alihitaji mkono wa Bi Hatsue, lakini alisimama. Na wazee watatu ambao kwa miaka mitatu waliitikia shikamoo wakiwa wamekaa, wakamwinamia kijana wa miaka ishirini na mbili, beji zikigongana vifuani mwao.

— Marahaba, baba, alisema Mchambuzi. Marahaba.

Kaname aliinama tena, na safari hii hakuinuka upesi, usukani wa baiskeli mkononi, mpaka mama yake akamgusa mgongo. Alipoinuka alimkabidhi mama yake baiskeli, akasogea kando ya mashine ya kahawa, akatoa simu. Bado kidogo tu saa sita ifike. Refa aliyekuwa karibu alisikia yote.

— Ni Urakawa. Samahani kwa kuchelewa. Ni kuhusu Jumapili. Naomba na mimi niwemo. Ndiyo, kipaza sauti. Ndiyo, jina litoke leo pamoja na wengine. Hapana, nimeamua. Asante.

Akarudisha simu mfukoni. Alimtazama Refa mara moja, akamwinamishia kichwa kidogo, kisha akachukua boksi la viazi akaliweka kwenye kikapu cha baiskeli, na yeye na mama yake wakaanza kutembea kuelekea nyumbani, mama akizungumza njia nzima.

Watatu wakakaa. Bi Hatsue hakurudi dukani.

— Kipaza sauti cha nini? aliuliza Tangi.

Refa alikwenda kwenye mashine kununua kahawa ili apate cha kufanya. Taa zote za kahawa ya moto zilikuwa zinawaka nyekundu. Imekwisha, mpaka gari la kuijaza lije kesho. Alisimama hapo na sarafu yake.

— Refa, alisema Mchambuzi taratibu. Anaondoka, siyo?

— Tangazo ni saa sita.

— Nimekuuliza.

— Na mimi nimekwambia, tangazo ni saa sita. Subiri.

Mchambuzi hakuuliza tena. Alishika beji moja kifuani, Refa akadhani anaivua, kumbe alikuwa anainyoosha tu ikae wima.

— Jumapili, alisema, kwa lile jua nitavaa kofia.

— Na sauti? aliuliza Refa. Umemwambia mama wa watu unayo sauti.

— Ninayo.

— Sijawahi kuisikia.

Mchambuzi alikohoa, akafungua kifungo cha shingoni. Alitazama huku na huku kama mtu anayetaka kuvuka barabara, na akaita jina la Kaname. Ilitoka sauti ndogo, yenye kutu, ya kuaibisha, na Tangi alitaka kucheka. Mchambuzi akavuta pumzi akaita tena, kwa nguvu zote alizokuwa nazo, na mbali kule barabarani mama ndiye aliyegeuka kwanza.